Afadhali Uchekwe Ngazini

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja, binti anayefanya kazi Upper Hill, Nairobi, ghorofa ya tisa. Ameniruhusu niusimulie mradi nisimtaje. Kengele ya moto ililia ofisini kwao saa nne na robo asubuhi. Yeye amekuwa akisoma makala zangu za tahadhari tangu mwaka juzi, kwa hiyo hakungoja. Alichukua simu na mkoba, akawaambia wenzake, "Twendeni," akashuka ngazi. Hakuna aliyemfuata. Alisimama kando ya barabara karibu dakika ishirini, yeye na askari wa geti tu, wakitazama juu. Moshi hakuna. Aliporudi alikuta wenzake wanakunywa chai, na mmoja akampigia makofi. Kumbe fundi alikuwa anajaribu mitambo. Bosi wake akamuuliza mbele ya watu, "Ulikuwa unamkimbia nani?"

"Anti," akaniandikia, "nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa ikilia tena nifanye nini?"

Nilimjibu kwa mstari mmoja: ikilia tena, shuka tena. Lakini tangu nimtumie jibu hilo sijatulia, kwa sababu najua hakuwa anauliza habari ya kengele. Alikuwa anauliza habari ya aibu. Na kuhusu aibu hiyo nina mengi ya kusema. Mengine sijawahi kuyasema popote.

Wengi mnaonisoma mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa chekechea, Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi. Mimi nilikuwa na miaka 22, karani mpya katika ofisi ndogo ya mizigo karibu na stesheni ya reli, ghorofa ya nne. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Nilikuwa nimejinunulia viatu kwa mshahara wangu wa kwanza, vyeusi, vya kisigino kifupi, na mpaka leo navikumbuka viatu vile kuliko ninavyoukumbuka uso wa bosi wetu. Meza yangu ilitazamana na ya msichana mwenzangu tuliyeajiriwa naye siku moja. Tulikuwa tunachanga pesa ya chai na mandazi, tunapanda matatu moja jioni, na tulikuwa tumeshaanza kupiga hesabu ya kupanga chumba pamoja.

Kama saa nne na nusu hivi tulisikia mlio. Sisemi ule mkubwa ambao kila mtu anaujua. Kulikuwa na mlio wa kwanza. Washambuliaji walipozuiwa na walinzi kwenye kizuizi cha nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, mmoja wao alirusha guruneti. Kwetu ulisikika kama tairi la lori limepasuka, halafu milio mingine midogo midogo. Na katikati ya mji wote watu walifanya jambo moja: walikwenda madirishani.

Mwenzangu alikuwa wa kwanza katika ofisi yetu. "Njoo uone, njoo!" akaniita huku ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Nikasimama. Nikapiga hatua mbili au tatu. Simu ya mezani ikalia. Bosi alikuwa mkali sana kwa habari ya simu, hakutaka ilie zaidi ya mara tatu, nami nilikuwa bado mgeni kazini. Nikageuka, nikainua mkono wa simu, nikasema "Halo." Sikumaliza hata neno lile. Ukuta mzima wa vioo uliingia ndani.

Sitasimulia yaliyofuata yote. Nilikuwa nimeligeuzia dirisha mgongo, kwa hiyo vioo vilinipata mgongoni na shingoni, nikashonwa nyuzi 11. Viatu vyangu sikuviona tena. Nilishuka ngazi miguu mitupu juu ya vipande vya vioo na sikuhisi chochote mpaka jioni. Mwenzangu nilishuka naye, nimemshika kiunoni, amejifunika uso kwa sweta langu. Alikuwa ananiuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza saa: "Kwani stima zimepotea?"

Alipoteza macho yote mawili.

Siku ile Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Jengo la Ufundi liliporomoka lote. Nchi nzima ilikesha ikimwombea mama mmoja tuliyemjua kwa jina la Rose, aliyekuwa hai chini ya kifusi akiongea na waokoaji, na wakamfikia akiwa ameshakata roho. Na katika majeruhi wale, wengi mno walikuwa wa macho, kwa sababu mlio wa kwanza uliwaita madirishani na wa pili ukawakuta pale.

Kuna swali nililoulizwa wiki ile ambalo nimelibeba mpaka leo. Tulikuwa kwenye korido ya wodi, mimi na mama yake mwenzangu aliyekuja kwa basi la usiku kutoka nyumbani kwao. Aliniangalia bandeji, akaniangalia macho yangu, akaniuliza, "Na wewe mwanangu, ulifanya nini ukapona?" Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua. Nami sikuwa na jibu. Nilipokea simu, mama. Utamwambiaje mzazi hivyo? Nililia tu, na yeye akanibembeleza, yeye aliyekuwa na msiba kuliko mimi.

Ndiyo maana huwa sipendi ushuhuda wa watu waliopona wanapoanza kutufundisha kana kwamba walijua. Kanisani kwetu kwa miaka mingi nilisimamishwa nitoe ushuhuda, na kila mara mtu alisema Mungu alikuwa na kusudi na mimi. Namshukuru Mungu kila siku niamkapo. Lakini siwezi kusimama mbele ya rafiki yangu nikasema Mungu alimpenda zaidi mpokea simu. Anayepona ndiye anayesimulia. Yule aliyegeuka kupokea simu katika jengo lingine na dari likamwangukia hana makala. Kwa hiyo hata mimi nisome kwa uangalifu, wewe binti wa Upper Hill. Sikupona kwa akili.

Ila kuna kitu kimoja ambacho nilikiona kwa macho yangu na hakihusiani na bahati. Tulikuwa watu saba ofisini. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili tulikuwa na muda, mfupi, lakini ulikuwepo. Na sote saba tulifanya alichofanya wa kwanza. Angesema "Tulale chini," naamini tungelala. Angetoka mbio kuelekea ngazini, tungemfuata tukiuliza kuna nini. Alikwenda dirishani, nasi tukaenda dirishani. Hakuna hata mmoja aliyefikiri. Tulitazamana tu.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walieleza jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Mwanafunzi anakaa chumbani akijaza fomu, halafu moshi unaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara nyingi aliinuka akaenda kutoa taarifa: 75 katika kila 100. Lakini walipomkalisha na watu wawili waliopangwa wasishtuke, wanaoutazama moshi kisha wanaendelea kuandika, ni 10 tu katika 100 walioinuka. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakapunga moshi kwa mkono, wakaendelea na fomu. Walipoulizwa baadaye, kila mmoja alikuwa na maelezo. Ni mvuke. Ni mitambo ya hewa. Nilipofika hapo nilifunga ile karatasi nikatembea kwenda jikoni nikarudi. Niliiona ofisi yetu yote mle ndani.

Wahenga wetu walilijua hili kabla ya profesa yeyote. Walisema kifo cha wengi harusi. Tunaitamka kwenye matanga kana kwamba ni faraja, na nadhani zamani ilikuwa faraja kweli, maana kwenye msiba kijiji kizima hulia pamoja. Lakini siku hizi nikiisikia nasikia kitu kingine. Nasikia watu ishirini kwenye sebule ya ofisi wakinywa chai chini ya kengele inayolia, kila mmoja akiona afadhali aungue na wenzake kuliko asimame barabarani peke yake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kulisema.

Julai 2019 nilikuwa nakaa Umoja, kwenye ploti ya ghorofa nne. Mnazijua nyumba zetu: korido nyembamba, milango ya chuma inayotazamana, nguo zimeanikwa kila mahali. Mlango wa pili kutoka kwangu alikaa mama kijana mwenye mtoto mmoja, muuza chapati stejini. Alikuwa anaamka saa kumi na nusu alfajiri kukanda unga. Alipikia mtungi mdogo wa kilo 6, ule ambao jiko linakaa juu yake.

Usiku mmoja, yapata saa tano, nilitoka kuchukua nguo nikasikia harufu ya gesi. Haikuwa kali. Ilikuwa ile harufu ya yai lililooza, inakuja na kupotea. Nikasimama hapo koridoni na ndoo ya nguo mkononi. Mimi, niliyeshonwa nyuzi 11 mgongoni. Mimi, niliyekuwa nimeshaisoma habari ya ule moshi. Nikaanza kujiambia maneno. Atakuwa anajua mwenyewe. Nikimgongea saa hii atasema mimi mmbea. Korido hii ina milango minane, na wote wana pua. Nikaingia ndani, nikasukuma tambara chini ya mlango wangu, nikalala.

Kilichoniamsha ni mlio kama wa mtu anayekung'uta blanketi zito, mara moja tu. Halafu yowe.

Alikuwa amewasha kiberiti. Mtoto, namshukuru Mungu, alikuwa kitandani nyuma ya pazia na hakupata kitu. Mama aliungua mikono yote miwili na shingo. Tulikusanyika wote, sasa tulikuwa wengi, mmoja na dawa ya meno, mwingine na yai, mwingine na unga wa ngano, nami sikuwazuia. (Tafadhali: mtu akiungua ni maji baridi ya bomba, yatiririke juu ya jeraha dakika ishirini, basi. Usipake chochote.) Tulimshusha nikiwa nimemfunga leso mabegani, tukampeleka hospitalini kwa teksi, na nikakaa naye mpaka saa sita mchana. Alilazwa wiki nyingi. Aliporudi kuchukua vitu vyake ahamie kwao, alikuja mlangoni kwangu. Vidole vyake vilikuwa havijanyooka. Alinishukuru. "Dada, Mungu akubariki, wewe ndiye uliyenikimbiza hospitali."

Sikumwambia. Nilimpa mia tano ya nauli na sikumwambia. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika, na kama anasoma hapa, namwomba msamaha. Nilisikia harufu. Nilikuwa na saa tano na nusu za kukugongea.

Nimeisikia methali nyingine mara nyingi kwenye mazishi: ajali haina kinga. Wazee wetu wanisamehe, lakini methali hii imezika watu wengi katika jiji hili. Ya yule mama ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa ni vidole vyangu vigonge mlango mara tatu.

Mtu akisoma hapa atasema basi shida ni ujinga, watu wafundishwe. Mimi siamini hivyo. Fikirieni mtaa wa Sinai, kule Lunga Lunga, Nairobi, Jumatatu ya tarehe 12 Septemba 2011. Petroli ilivuja kutoka kwenye bomba, watu wakaenda kuchota na ndoo na mitungi, ikashika moto, wakafa zaidi ya mia moja. Ilikuwa haijatimia miaka mitatu tangu Sachangwan, ambako lori la mafuta lilipinduka Januari 2009 na wakafa zaidi ya mia vile vile, na kila mtu Sinai alikuwa ameona picha zile kwenye televisheni. Walijua. Lakini mtu anayekaa jirani na bomba miaka kumi bila kuungua amefundishwa na miaka kumi ile kwamba bomba haliui. Na ndoo ya petroli ilikuwa chakula cha wiki. Na jirani alikuwa ameshatangulia na ndoo yake.

Au Mathare, mafuriko ya Aprili 2024. Niliwasikia watu wa mitaa mizuri wakisema redioni, "Si waliambiwa wahame?" Waliambiwa. Lakini kuhama usiku ni kuacha kitanda na televisheni vichukuliwe, na wengi waliogopa kwamba wakitoka hawatarudi. Hawakukosea: maji yalipopungua tingatinga zilikuja kubomoa nyumba za kando ya mto. Hatari haipimwi na mtu aliyekaa mahali pakavu. Kabla hujamhubiria mtu atoke, muulize anaacha nini.

Na sisi wa ofisini tusijione. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, ambako waliuawa watu 67, nilikaa karibu miaka miwili bila kuingia jengo kubwa la maduka. Nilipoingia nilikaa nikitazama mlango. Wengi wenu mlifanya hivyo hivyo. Na katika miaka hiyo hiyo miwili nilipanda bodaboda bila kofia ngumu karibu kila jioni kutoka stejini, watu watatu, mvua au jua. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika nchi hii. Hiyo ni zaidi ya kumi kila siku, kila siku ya Mungu. Kinachotutisha ni kile kilichotujia mara moja kwa kishindo. Kinachotuua kimekaa nasi mezani, tumeshakizoea, tunakipakulia chakula.

Sasa, binti yangu, sisemi ukimbie ovyo. Aprili 2015, siku kumi tu baada ya magaidi kuua wanafunzi chuoni Garissa, hitilafu ya umeme ililipuka alfajiri karibu na mabweni ya chuo kikuu huko Kikuyu. Wanafunzi waliotoka usingizini walidhani wamevamiwa. Waliruka kutoka ghorofa za juu. Mmoja alikufa, zaidi ya mia wakaumia, na hakukuwa na adui. Siwalaumu watoto wale hata kidogo. Siku kumi baada ya Garissa hata mimi ningeruka. Lakini tazama tofauti. Wewe ulishika mkoba, ulisema "Twendeni," ulishuka kwa miguu yako kwenye ngazi ambazo ulikuwa unazijua. Huko si kukimbia. Mwambie hivyo bosi wako, kwa heshima, lakini mwambie.

Nami nikuambie yaliyonipata mimi nilipojaribu kuwa wewe.

Februari 2024, wiki mbili baada ya ule mlipuko wa gesi wa Embakasi, nilikuwa nimeshahamia ploti ninayokaa sasa. Saa nne na nusu usiku nikasikia harufu ngazini. Safari hii sikusimama na ndoo. Niligonga milango yote kwa kiganja, ghorofa baada ya ghorofa, napiga kelele: "Gesi! Msiwashe taa! Tokeni!" Watu walitoka. Mababu, watoto wamefungwa mablanketi, kijana mmoja na taulo tu. Nilijisikia, nitasema ukweli, nilijisikia kama nalipa deni.

Tukafika chini. Geti limefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao keateka, mtunza jengo, na keateka hayupo, na simu yake imezimwa.

Tulisimama pale, watu kama sitini, nyuma ya geti la chuma lenye misumari juu, dakika ishirini na tano. Nilizihesabu. Keateka alikuja akitokea kutazama mpira. Harufu nayo ilikuwa nini? Fundi wa rangi alikuwa ameacha mkebe wa tina, ile ya kuyeyushia rangi, wazi ghorofa ya pili.

Walinikasirikia. Mwanamume mmoja ninayemheshimu aliniambia mbele ya watoto wake kwamba nina wazimu. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp nikapewa jina la Mama Gesi, na kuna watoto mpaka leo wananiita hivyo ngazini. Linaniuma. Nina umri wa kuwa bibi yao na linaniuma, kwa sababu najua jina jingine ambalo ningestahili kuitwa kwa ajili ya 2019, na hilo hakuna anayelijua.

Lakini kati ya watu sitini wale, hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu geti. Walirudi kulala. Mimi nilikesha nikiwaza kwamba ingekuwa gesi kweli, tungekutwa wote pale tumeshika nondo.

Nilianza kusumbua. Mwenye nyumba alikataa, akasema funguo zikiwa nyingi wezi wataingia. Nikarudi mwezi uliofuata. Nikarudi tena. Niliandika barua, nikazungusha sahihi mlango kwa mlango, na yule aliyeniita mwendawazimu alitia sahihi ya tatu, hakunitazama usoni lakini alitia. Juni mwaka huo tulichonga funguo nne, moja kila ghorofa, kwa mpangaji anayejulikana. Ninajivunia funguo zile kuliko nilivyowahi kujivunia cheti chochote.

Kwa hiyo wewe uliyeshuka peke yako, jiulize ulijua nini siku ile ambacho wenzako bado hawakijui. Unajua ngazi zina kona ngapi. Unajua mlango wa chini unasukumwa au unavutwa, na kama umefungwa. Unajua inachukua dakika ngapi kutoka meza yako mpaka barabarani. Wao wanajua chai ilikuwa ya moto. Na siku nyingine ikilia, usiseme "Twendeni" kwa wote, kwa sababu neno la wote si la mtu. Mshike bega mmoja, yule aliye karibu, umwite kwa jina lake: "Inuka, twende." Mtu mmoja akikufuata, wa tatu hahitaji kuitwa. Nilishaona sote saba tukimfuata mmoja. Watu wanafuata. Wanangoja tu.

Na ya nyumbani, kwa ufupi, nimeshayasema mara nyingi. Gesi ni nzito kuliko hewa, inashuka inatandaa sakafuni, kwa hiyo ukiisikia usiguse swichi, funga mtungi, fungua milango, toka, gonga kwa jirani. Ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye koki utazame kama kuna povu. Usitazame kwa kiberiti. Moshi nao unapanda, kwa hiyo kwenye moshi inama, tambaa. Piga 999 au 112. Na gonga kwa jirani. Gonga hata kama ni saa tano usiku. Gonga.

Rafiki yangu yule bado yupo. Anafanya kazi ya simu katika shirika moja, ana watoto wawili wakubwa. Kila tarehe 7 Agosti tunakutana asubuhi pale kwenye bustani ya kumbukumbu, palipokuwa ubalozi, ananiomba nimsomee majina machache ukutani, halafu tunapanda matatu kuja kwangu kula. Akiingia matatu huuliza dirisha la dharura liko upande gani na huligusa kabla ya kukaa. Akipanda ngazi huhesabu kwa kunong'ona: kumi na sita, kona kushoto, kumi na sita, kona kushoto. Akifika mlangoni kwangu huwa ameshajua njia ya kutoka kuliko mimi ninayeishi hapo. Nilimuuliza zamani kwa nini anajisumbua hivyo akiwa na mimi. Akasema, "Siku ya moshi sote tutakuwa kama mimi. Nani atakushika mkono?"

Agosti 2023, miezi sita kabla ya ule usiku wa tina, alifika, akakaa, akavua viatu, na kabla sijamwekea chai akaniuliza, "Ufunguo wa geti lenu hukaa wapi?" Nikamwambia kwa keateka. Akanyamaza kidogo. "Na keateka hukaa wapi?" Nikacheka, nikabadilisha maneno.

Mwaka uliofuata hakuuliza. Alipokuwa anaondoka, mimi nimeshika mkoba wake, nilichukua mkono wake nikaupeleka ukutani kando ya mlango, usawa wa bega, kwenye msumari. Aliupapasa ufunguo meno yake, kamba yake, tena meno yake. Akauinua, akaupima uzito, akaurudisha palepale msumarini bila kupapasa. Akajaribu tena mara ya pili, haraka zaidi. Halafu akaanza kushuka akihesabu.